Andalio la mwalimu mbadala katika darasa la Kihispania cha mwaka wa kwanza

Jumapili jioni

Kila ninapokaa kuandika andalio la mwalimu mbadala hujikumbusha jambo moja kabla ya yote: atakayelisoma huenda hajui Kihispania hata kidogo. Katika shule za sekondari za hapa Marekani, mbadala hupelekwa darasa lolote lililokosa mwalimu. Asubuhi anasimamia hesabu, mchana yuko kwenye muziki. Ukimwandikia "wafundishe mnyambuliko wa vitenzi vya -ar", umempa kazi asiyoiweza, na wanafunzi hawachukui muda kulitambua hilo. Kwa hiyo siku ya mbadala si siku ya somo jipya. Ni siku ya kurudia yale ambayo darasa linayajua nusunusu, na kwa wanaoanza, kurudia huko ndiko kunakoijenga lugha. Siihesabu kuwa siku iliyopotea.

Nichukue mada ya me gusta (napenda), kwa kuwa madarasa mengi ya mwaka wa kwanza huifikia mapema. Kipindi ni cha dakika 50, wanafunzi 32.

Dakika 5 za kwanza swali liwe limeshaandikwa ubaoni tangu jana yake: ¿Qué te gusta hacer? (Unapenda kufanya nini?) Kila mwanafunzi aandike majibu matatu huku mbadala akiita mahudhurio. Usimwachie mbadala aliandike mwenyewe, maana alama ya kuuliza iliyopinduliwa na alama ya mkazo ya qué huanguka njiani, kisha darasa zima hunakili kosa.

Dakika 15 zinazofuata ni za kusoma. Habari ya maneno kama 90 inatosha: kijana anajitambulisha, anataja anachopenda na asichopenda. Tumia maneno waliyokwisha kufundishwa, uongeze yale yanayotambulika kwa kuangaliwa tu, kama guitarra, música, familia na chocolate. Panga mistari kwa namba pembeni. Chini weka sentensi 8 za cierto au falso (kweli au si kweli), na mbele ya kila jibu mwanafunzi aandike namba ya mstari alikouona ushahidi. Namba ya mstari ndiyo inayoibeba kazi hii. Pasipo hiyo, majibu manane hubahatishwa kwa dakika mbili, na dakika 13 zilizobaki ni za kelele.

Kisha dakika 15 za kuulizana. Walimu wengi hutoa karatasi ya mahojiano na kuwaruhusu wanafunzi wazunguke darasani wakitafuta saini. Mwenye darasa akiwepo, hilo huenda vizuri. Kwa mbadala huharibika: marafiki hukusanyika kona moja, huzungumza Kiingereza, na kila mmoja humtilia mwenzake saini bila kuulizwa lolote. Njia bora ni safu mbili zinazotazamana, 16 kwa 16. Kila jozi ina dakika moja. Wa upande wa dirisha anauliza ¿Te gusta bailar? (Unapenda kucheza dansi?), wa upande wa mlango anajibu kwa sentensi kamili, kisha wanabadilishana. Muda ukiisha mmoja anaita ¡Cambio! (badilisha), na safu ya mlango inasogea nafasi moja, wa mwisho akirudi mwanzo. Zamu nane zinatosha, na dakika zinazosalia zitakwisha katika kupanga viti na kuvirudisha. Idadi ikiwa witiri, anayebaki ndiye anashika saa na kuita, wakipokezana. Mbadala anasimama mwisho wa safu na kuwaona wote.

Hapo liko kosa la kutarajia. Kukataa kwa sentensi kamili ni No, no me gusta bailar (Hapana, sipendi kucheza dansi), na wanaoanza huimeza ile no ya pili. Andika jibu la mfano, la kukubali na la kukataa, juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa.

Dakika 10 za kuandika ndizo zinazohitaji busara zaidi. Kishawishi ni kuwaambia waandike sentensi tano kuhusu wenzao, lakini sentensi hizo zinataka le gusta (yeye anapenda). Kama darasa limefikia me (mimi) na te (wewe) tu, umeleta somo jipya kupitia mlango wa nyuma. Waandike kuhusu wao wenyewe. Na waandike kwa kalamu, kwenye karatasi iliyochapwa vitenzi 20 vya kuchagua. Kazi ya wazi isiyo na orodha huingizwa kwenye programu ya tafsiri ya simu, na unaporudi unakuta mtoto wa wiki ya saba ameandika me encantaría que mis padres me dejaran viajar (ningependa sana wazazi wangu waniruhusu kusafiri). Hukumpima yeye hapo. Orodha fupi huondoa sehemu kubwa ya sababu ya kukimbilia simu.

Dakika 5 za mwisho kila mmoja atoe karatasi yenye sentensi moja, aikabidhi mlangoni.

Mwongozo wa majibu uambatane na andalio, na useme zaidi ya jibu sahihi. Useme kwamba gusta haibadiliki mbele ya vitenzi, hata vikiwa viwili: me gusta nadar y cantar (napenda kuogelea na kuimba). Itakuwa gustan pale panapofuata nomino za wingi: me gustan los perros (napenda mbwa). Mwanafunzi hodari akibishana na mbadala, mwongozo utaamua.

Sauti ni suala jingine. Sipendi kumwomba mbadala asiyejua lugha atamke maneno ili darasa lirudie. Rekodi ni nzuri, ila faili lililo ndani ya akaunti yako halitafunguka kwa nywila yake. Andika majina ya wanafunzi wawili kwa kila kipindi wanaosoma kwa sauti safi, wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa hayupo.

Nataka pia kusema juu ya watoto wetu. Katika madarasa mengi ya huku wamo waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda, Wakongo na Warundi wanaojua Kiswahili, waliopangiwa Kihispania wakiwa bado wanajifunza Kiingereza. Kihispania chenyewe hakiwatishi. Irabu ni zilezile tano, silabi nyingi ziko wazi, na mkazo wa maneno mengi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Aliyezoea kitabu chekundu na vitabu vyekundu haoni ajabu libro rojo kuwa libros rojos. Atakwama kwenye herufi chache: h isiyotamkwa katika hablo, j ya jugar inayokwaruza kooni. Kinachomwangusha siku ya mbadala ni aya ya maelekezo ya Kiingereza yenye mistari tisa. Andika maelekezo kwa sentensi fupi, kila hatua mstari wake, na chini yake swali la kwanza liwe limeshajibiwa kama mfano. Mtoto huyo, akielewa anachotakiwa kufanya, mara nyingi ndiye msomaji wa sauti unayemhitaji.

Kwa ugonjwa wa ghafla weka jalada la siku tatu lisilotegemea mada: namba 0 hadi 30, maneno yanayotambulika, na ramani ya nchi 20 zinazotumia Kihispania rasmi pamoja na Puerto Rico. Hakikisha ramani inaonyesha Afrika, maana Guinea ya Ikweta imo na huachwa sana. Ukitaka miji mikuu, mwongozo ukubali Sucre na La Paz kwa Bolivia, la sivyo kipindi kitaishia kwenye ubishi. Mchezo wa lotería wa Mexico, wa kutia alama picha zinazoitwa, unafaa sana, kadi 54 na mbao za picha 16, lakini wa dukani una kadi za mlevi na shetani ambazo mbadala hapaswi kuachiwa azitetee. Tengeneza mbao zenye msamiati wa darasa lako.

Nakala ziwe 35 kwa kila kipindi, zimebanwa kila kipindi peke yake na namba juu. Rundo moja la vipindi vitano huchanganyika kabla ya saa nne. Juu ya rundo weka mchoro wa viti wa wiki hii, mpangilio wa kutoka moto ukitokea, na maelezo ya afya ambayo shule inaruhusu mbadala ayaone.

Mwisho wa jalada acha karatasi yenye mistari minne ya kujaza: mlifika hatua gani, nini hakikukamilika, nani alisaidia, nani alihitaji kuitwa pembeni. Ukimwuliza tu mambo yalikwendaje, atakuandikia "vizuri". Ukimwuliza mlifika wapi, utajua pa kuanzia kipindi kijacho, na zile sentensi za mlangoni zitakuonyesha ni nani bado anaimeza no ya pili.