Rotesheni ya upasuaji: anachotakiwa kuondoka nacho mwanafunzi wa utabibu

Mwanafunzi wa utabibu akianza rotesheni ya upasuaji, yaani zamu yake ya mafunzo katika idara hiyo, pale hospitali ya Maweni hapa Kigoma, au Kitete kule Tabora, macho yake yote huwa thieta, chumba cha upasuaji. Anataka anawe, avae gauni, ashike hata chuma cha kuvutia kidonda. Namwelewa. Lakini baada ya stashahada ya miaka 3, wengi watakwenda zahanati na vituo vya afya, na huko hakuna atakayewaomba wapasue tumbo. Wataletewa mtu usiku, tumbo limekaza kama ubao, na swali litakuwa moja: huyu ni wa kupasuliwa au siye? Jibu lake linafundishwa wodini na mapokezi. Mguse mgonjwa kabla bingwa hajafika, andika unachodhani, kisha fuatilia kujua tumbo lilipofunguliwa kulikutwa nini.

Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo, viganja vyako viwe na joto, uanze kubonyeza mbali na pale anapouma. Na umfunue mpaka mapajani. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, hajatoa hewa wala choo tangu jana, na kitenge kimeachwa kikifunika kinena chenye ngiri iliyonasa. Ngiri iliyokuwa ikirudi na leo hairudi, ngumu, inauma, usiisukume kwa nguvu wala usingoje asubuhi; utumbo ulionyongwa huoza ndani ya saa chache. Uliza pia habari ya homa. Mtu aliyeumwa homa wiki mbili au tatu, akameza dawa za malaria bila nafuu, kisha ghafla tumbo likamkata na kukaza, fikiria utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha chanya na utumbo ukawa umetoboka vilevile, kwa hiyo majibu yale yasikutulize.

Ukishaamua kumpa rufaa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa wa Buhingu au Kalya husafiri kwa boti saa nyingi ziwani, na hali atakayofika nayo inategemea ulichomfanyia kabla boti haijang'oa nanga. Weka kanula mbili, vijibomba vya mshipani, za kijani namba 18 au za kijivu namba 16, na dripu iende. Mpira wa puani wa kutoa vilivyomo tumboni upime kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe ya moyo, uuingize hadi alama hiyo na kuuacha wazi ndani ya mfuko. Antibiotiki, yaani seftriaksoni na metronidazoli, zipite kwenye mshipa. Dawa ya maumivu mpe. Ile hofu kwamba itaficha ugonjwa imepitwa na wakati, na kumwacha mtu alie njia nzima ni ukatili. Asile wala asinywe, na ndugu waambiwe waziwazi kwamba hata uji hapewi. Kwenye barua andika saa maumivu yalipoanza, kila dawa na saa yake, na kiasi cha mkojo.

Mkojo ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa mgonjwa wa upasuaji, kwa hiyo jifunze kuweka mpira wake vizuri. Kwa mwanamume, mkojo kuanza kutoka hakutoshi: sukuma hadi pale mpira unapogawanyika, ndipo ujaze puto linaloushikilia mpira kibofuni kwa maji safi ya sindano, kiasi kilichoandikwa kwenye mpira, mara nyingi mililita 10. Ukilijaza puto likiwa bado kwenye njia ya mkojo, unaichana. Leo damu, kesho kovu linaloziba. Majeruhi wa bodaboda mwenye damu kwenye tundu la uume usimwekee kabisa, mwite daktari. Mpira ukishakaa, soma kila saa. Mtu mzima anatakiwa atoe walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 25 kwa saa kwa mwenye kilo 50. Ikipungua, presha hata ikionekana nzuri, kuna jambo.

Majeraha ya moto yanataka hesabu. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya mwili. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu usiihesabu. Hesabu ya dripu ni mililita 4 za maji ya Ringa lakteti, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia iliyoungua. Mtu wa kilo 50 aliyeungua asilimia 20 anahitaji mililita 4,000 kwa saa 24, nusu yake katika saa 8 za kwanza. Saa hizo huanza alipoungua, si alipofika. Akifika saa 4 zikiwa zimeshapita, lita 2 ziishe ndani ya saa 4 zilizobaki: chupa moja ya nusu lita kila saa. Kisha mkojo ndio utakaokwambia uongeze au upunguze.

Thieta nina machache. Pete na saa zivuliwe, unawe dakika 3 hadi 5, viganja vikiwa juu kuliko viwiko. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, Ifakara ikiwa mojawapo, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isomwe kwa sauti. Gozi, vitambaa vya kufyonza damu, zihesabiwe kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo na kabla ya kufunga ngozi. Ukiona moja haipo, sema, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote mezani.

Kushona vidonda utafanya mwenyewe maisha yako yote. Dawa ya ganzi, lidokaini isiyo na adrenalini, usizidishe miligramu 3 kwa kilo: kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180, sawa na mililita 9 za asilimia 2. Kidonda kichafu kilicholala usiku kucha kisafishe kwa maji mengi, kata nyama iliyokufa, kiache wazi, ukishone baada ya siku 3 hadi 5 kikiwa safi. Ukikifunga mapema unafungia usaha.

Sindano ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa muda huohuo. Dawa za kinga ya VVU hazifai kuanzwa baada ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa. Humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, ya mwisho mwezi wa 6, kwa hiyo ianze mapema kabla hujapangiwa wodi.