Kumbe alikuwa dereva wa basi

Jamani, saa nane za usiku ndiyo namaliza Happy Valley, ile tamthilia ya polisi ya Uingereza, na asubuhi nina zamu. Sijutii.

Mwandishi wake, Sally Wainwright, kabla kalamu haijamlisha alikuwa akiendesha basi. Basi!
Akaandikia redio, ikaja tamthilia ya Coronation Street, ndipo tukafika huku.

Msimu wa pili ulitoka 2016, wa tatu 2023. Alisubiri yule mtoto anayeigiza Ryan, mjukuu wa mama polisi, akue kwanza. Mimi hata chapati naigeuza kabla ya wakati.

Ila ile meza ya jikoni mwishoni...
Mama polisi na mbaya wake wamekaa wanatazamana, wanaongea tu.
Chai yangu imepoa, sijaigusa.

Nani kaiona? Njooni hapa, sina usingizi.