Kwenda Mantova kumtafuta Orfeo

Treni iliondoka Milano asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwenyeji wangu huko, alinisindikiza stesheni huku akinishangaa. "Dada, baridi yote hii unakwenda kutafuta chumba?" Nikamwambia ndiyo, ni chumba tu.

Ni chumba cha kasri la Mantova, ambamo L'Orfeo, opera, yaani mchezo unaoimbwa, ilichezwa kwa mara ya kwanza, tarehe 24 Februari 1607, wakati wa kanivali. Muziki ulitungwa na Claudio Monteverdi, maneno yakaandikwa na Alessandro Striggio. Wenzao wa Firenze walikwisha kuwatangulia: mwaka 1600 Jacopo Peri alikuwa ameitunga hadithi hiyo hiyo kwa ajili ya harusi ya Maria de' Medici. Lakini ya Peri mimi naisikiliza kwa heshima, na hii ya Mantova naisikiliza kwa sababu siwezi kuiacha.

Treni ilisimama Cremona. Hapo ndipo alipozaliwa Monteverdi mwaka 1567, mtoto wa tabibu, na njia hii ya kwenda mashariki kwenye bonde la mto Po ndiyo aliyoishika alipokwenda kuajiriwa na ukoo wa Gonzaga, watawala wa Mantova. Nilipangusa ukungu kwenye kioo nikatazama nje. Nilichokiona ni udongo mweusi uliolimwa na safu za miti mirefu isiyo na majani.

Kwa asiyeijua hadithi: Orfeo ni mwimbaji wa Wagiriki wa kale, sauti yake huvuta hata mawe na miti. Anamwoa Euridice. Siku ya furaha yao, bibi arusi anachuma maua, nyoka anamuuma. Orfeo anashuka kuzimu kumdai mkewe, anaruhusiwa aondoke naye kwa sharti asigeuke kumtazama njiani, naye anageuka.

Sehemu inayonishika koo ni ile ya kuletewa habari. Wachungaji wanaimba na kucheza, ghafla anaingia mwanamke, rafiki wa Euridice, na muziki unabadilika rangi papo hapo. Hasemi moja kwa moja. Anazunguka, anaita mbingu, anajilaumu kwa kuwa mleta msiba, kama tunavyozunguka sisi tunapobeba taarifa ya kifo mlangoni kwa mtu. Mwishowe anatamka kwamba mkeo amefariki. Na Orfeo, mwimbaji ambaye hakuna wa kumfikia, anajibu neno moja tu: "Ohimè." Ole wangu. Baada ya hapo ananyamaza, na maelezo ya jinsi alivyokufa anayatoa yule mwanamke, yeye akisikiliza. Mtunzi mwingine angempa wimbo hapo hapo. Monteverdi alimwacha akae kimya, na tangu nimzike mama yangu naamini alikuwa sahihi.

Mantova imezungukwa na maziwa matatu yanayotokana na mto Mincio, kiasi kwamba ukiingia kutoka upande wa daraja unadhani mji umeota majini. Kasri la ukoo wa Gonzaga lina vyumba zaidi ya 500. Nilipita ukumbi baada ya ukumbi, dari za dhahabu, sakafu za marumaru, na kote nikijiuliza: ni hapa? Wataalamu wametaja zaidi ya sehemu moja. Kuna barua ya mtu wa pale pale, iliyoandikwa siku moja kabla, inayosema mchezo utafanyika katika chumba kimoja cha makazi yaliyokuwa yakitumiwa na bibi mtukufu wa Ferrara, na kwamba utakuwa kitu kigeni kwa kuwa wachezaji wote wataimba maneno yao. Monteverdi mwenyewe, alipochapisha muziki huo Venezia mwaka 1609, alikumbuka kwamba jukwaa lilikuwa jembamba. Basi nikaacha kutazama kumbi kubwa, nikawa nasimama kwenye vile vya wastani, ambavyo mwimbaji akivuta pumzi aliyekaa nyuma kabisa anamsikia.

Chumba sikukipata, lakini Orfeo nilimkuta. Kwenye mnara wa ngome iliyo ndani ya kasri kuna chumba alichokichora Mantegna, akakimaliza mwaka 1474. Watu wote huangalia katikati ya dari, palipochorwa tundu la anga na wanawake wanaochungulia chini, mmoja wao mweusi, kajifunga kilemba, usoni ana utulivu wa mtu aliye kwake. Nami nilimtazama sana. Kisha macho yakashuka pembeni, kwenye vipembe vya dari, na hapo yumo Orfeo na kinanda chake cha nyuzi, na kipembe kingine wanawake wanamuua. Miaka zaidi ya 130 kabla ya opera! Waliokwenda kumsikiliza usiku ule walikuwa na kifo chake kwenye dari moja ya kasri lile lile. Tena maneno ya Striggio yaliyochapwa mwaka 1607 yalimalizia kwa wanawake hao wenye hasira, wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo. Ni kwenye muziki wa 1609 ndipo mungu Apollo, baba yake Orfeo, anaposhuka na kumchukua mwanawe mbinguni. Mwisho wa Apollo ni mtamu, ila mimi nausadiki ule wa kwanza.

Mchana nilikula tambi zilizojazwa boga, chakula cha mji huo, nikaenda kukaa kando ya ziwa na kuvaa visikilizio. Nilitaka kusikia hapo, mbele ya maji, Orfeo akimwomba Caronte, mvushaji wa wafu kwenye mto wa kuzimu, amvushe. Sauti ya Caronte inafuatwa na kinanda kidogo cha mvukuto chenye mlio wa kukwaruza. Orfeo anaimba kwa ufundi wake wote, fidla mbili zinamjibu, moja kama mwangwi wa mwenzake, kisha pembe, kisha kinubi. Chini yake kuna chitarrone, ndugu mwenye shingo ndefu wa ule udi aliokuwa akiupiga mjomba wangu Unguja. Mgongo ule wa mbavu za mbao sihitaji kuambiwa ulikotoka. Na Caronte? Anasema amefurahishwa, ila huruma hana. Hapati huruma hata mwisho. Anachopata ni usingizi, na Orfeo anaiba mashua.

Jioni nilipanda treni ya kurudi. Giza lilikuwa limeingia tulipofika Cremona, na safari hii nilisimama mlangoni. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule wa 1607, zaidi kidogo ya miezi sita baada ya L'Orfeo, mke wa Monteverdi, Claudia, aliyekuwa mwimbaji wa kasri, alifariki katika mji huu, nyumbani kwa baba mkwe wake, akaacha watoto wadogo. Mwezi huo huo Monteverdi aliandikiwa barua kutoka Mantova: kuna harusi ya mtoto wa mtawala, arudi upesi kutunga opera nyingine. Akarudi, akaitunga. Muziki wa opera hiyo umepotea karibu wote. Kilichobaki ni kilio cha mhusika wake mkuu, Arianna, aliyeachwa ufukoni peke yake, akiomba aachwe afe.

Milango ikafungwa. Abiria mmoja tu alikuwa ameshuka, mzee mwenye mkoba wa fidla mgongoni.