Jina la aliyetoka mbio

Leo nimefika kazini kwenye makumbusho ya Ujiji, karibu na Kigoma, kabla ya saa mbili asubuhi, matone ya mvua ya usiku yakiwa bado yanadondoka kutoka kwenye miembe ya uwanjani. Mvua za Novemba zikishaanza, siku ya mhifadhi huanzia sakafuni. Nilizunguka kuta zote na tochi, nikainama kwenye kila kona, na nyuma ya ubao mmoja wa picha nikakuta mstari wa udongo, mwembamba kama kalamu ya risasi, ukipanda ukutani. Nilipouvunja kwa ncha ya kisu walitokea mchwa watatu weupe, wakahangaika kidogo kwenye mwanga, kisha wakapotelea ufani. Namshukuru Mungu kwamba ubao wenyewe walikuwa hawajaufikia. Nimeandika daftarini tarehe, mahali na urefu wa njia ile, kwa sababu mchwa wakionekana mara mbili mahali pamoja huenda kiota hakiko mbali, na kunyunyiza dawa bila kumbukumbu ni kubahatisha.

Kisha nikapangusa sanamu mbili ambazo wageni wengi huja kuziona, mwandishi wa habari Stanley na mvumbuzi na mmisionari Livingstone, aliyekuja kumtafuta, wakiamkiana kwa kuinua kofia walipokutana hapa Ujiji. Kazi hiyo hufanywa kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, bila maji hata kidogo. Rangi ya mikono imepauka kuliko ya mahali pengine pote, kwa kuwa kila mgeni hupenda kupigwa picha akiwa ameishika. Sijaweza kumkasirikia mtu aliyesafiri siku mbili kwa treni akatamani kugusa, lakini jasho la vidole hula rangi, kwa hiyo nimeisogeza kamba hatua moja nyuma.

Saa nne waliingia wanafunzi wa darasa la tano pamoja na mwalimu wao. Nje, kwenye mnara wa ukumbusho, walisoma kwa sauti tarehe iliyoandikwa pale: 10 Novemba 1871. Niliwaeleza kwamba hiyo ni tarehe ya kukutana kwao aliyoitoa Stanley, ilhali shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba, na kwamba mtu aliyelala na homa njiani, hana wa kumuuliza leo ni tarehe ngapi, hupoteza hesabu ya siku. Wapo wanaoona kwamba mgeni apewe tarehe moja aende zake. Mimi sikubaliani nao, kwani mtoto akijua kwamba hata jiwe liliandikwa na mtu, atasoma kwa macho mengine.

Nikawasimulia namna habari za kuja kwa Stanley zilivyomfikia Livingstone. Mtumishi wake Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga kando ya Mto Zambezi, ndiye aliyejitokeza katika umati akamwamkia Stanley kwa Kiingereza, kisha akatoka mbio, akamfikia bwana wake akihema na kumwambia kwamba amemwona Mwingereza. Yaani kabla ya hiyo salamu maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?" (Nadhani wewe ni Daktari Livingstone?), palikuwa na salamu nyingine, ya Susi. Tuliporudi ndani, msichana mmoja aliziangalia sanamu kwa muda mrefu, halafu akaniuliza taratibu, "Mama, na Susi yuko wapi?"

Nilimwonyesha sanamu mbili zilizopo, nikamwambia kwamba Susi hakuchongwa. Nililisema hilo kwa uzito moyoni, kwa maana nayajua yaliyofuata. Livingstone alipofariki katika kijiji cha chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma pamoja na wenzao waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi kadhaa kupitia Unyanyembe, karibu na Tabora, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo, na Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza yaliyomo katika shajara za mwisho za marehemu. Siwezi kulisimulia jambo hilo kwa haraka, hata kundi likiwa na njaa na gari likipiga honi.

Alasiri ilipita katika hesabu ya tiketi na taarifa ya mwezi. Nilipomaliza nilikata kadi nyeupe ya lebo ya Susi, nikaandika kwa penseli kwanza, nikafuta mara tatu, kwa kuwa lebo isiyozidi maneno arobaini hukataa neno lolote la ziada. Neno "mtumishi" nililiandika, nikalifuta, kisha nikalirudisha, maana ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe kwa Stanley. Lakini jina lake nimelitanguliza, peke yake, katika mstari wa juu. Kesho wenzangu wakishaisoma na kuikubali nitaibandika kando ya sanamu, chini kidogo ya lebo nyingine, palipokuwa macho ya yule msichana.