Vyuma chakavu vyangu vitatu

"Dada, hivi ni vyuma chakavu. Peleka wakapime kilo, uongezee hela ununue mpya." Hayo ni maneno ya fundi aliyezoea kunipigia Windows, akizisema kompyuta zangu tatu, na kwa maneno hayo alichukua elfu kumi ya kuchungulia. Naandika huku natumia kimojawapo cha hivyo vyuma.

Nina steshenari ndogo Kihonda, Morogoro, karibu na shule. Fotokopi, kuchapa mitihani, wasifu wa wanaotafuta kazi, kujaza fomu za mtandaoni. Mashine zilikuwa tatu: Dell OptiPlex 755 mbili za mtumba, na laptopu ThinkPad T42 aliyoniachia kaka yangu alipohamia Mwanza. Dell zilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliiacha Januari 2020, kisha Chrome nayo ikagota kwenye toleo la 109. Mwanzoni huoni tofauti. Halafu kurasa moja moja zinaanza kufunguka nusu, kitufe cha kutuma hakionekani, na mteja kasimama nyuma yako anasonya. Laptopu ndiyo usiseme, ilikuwa na XP, Windows ya zamani zaidi. Ukiiwasha unaenda kununua chapati, unarudi bado inajikusanya.

Hela ya mashine mpya sikuwa nayo. Nilikuwa na bando la usiku na hasira.

Dell moja ilikuwa haiwaki: feni inazunguka, taa ya rangi ya machungwa, kioo cheusi. Kwa fundi hiyo ni mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa. Mimi nikachomoa ramu, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, nikachukua raba nyeupe ninayowauzia wanafunzi, nikasugua yale meno ya dhahabu pande zote mpaka yakang'aa, nikafuta vumbi, nikairudisha mpaka vishikio vyake vikalia ta! Ikawaka. Marehemu mazabodi yuko kazini mpaka leo. Raba tu lakini, msasa hapana. Na mate pia hapana, maana nimeshaona mtu akilamba.

Hizo Dell mbili nikazipa MX Linux. Linux ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na una aina nyingi; MX ni mojawapo. Hazikunisumbua, prosesa zake ni za biti 64, yaani zinapokea mifumo ya kisasa, ramu GB 4 kila moja baada ya kuongezea vipande vya DDR2 vya mtumba ambavyo jumla havikufika elfu thelathini, kama nakumbuka vizuri.

Laptopu ndiyo ilinitoa jasho. Prosesa yake ni Pentium M, biti 32, aina ya zamani. Nikaichomekea flashi yenye Xubuntu 18.04 ya biti 32, Linux ya aina nyingine, ikaandika mistari miwili myeupe juu ya kioo cheusi: eti prosesa haina kitu kinachoitwa pae. Ikagoma hapo hapo. Nikadhani flashi ni mbovu, nikabadilisha flashi. Nikadhani nimepakua vibaya, nikapakua upya, bando likaisha. Siku tatu hizo. Kumbe pae ni njia ya prosesa za biti 32 kufikia kumbukumbu inayozidi GB 4, na hizi Pentium M za mwanzo mwanzo wanayo, ila hawaitangazi. Ni kama kijana anayekuja kuchapa wasifu, form four kamaliza na cheti anacho, ila hakukiandika. Mwajiri anamtupa pembeni.

Dawa yake nikaipata: kabla haijaanza kuwaka unaandika neno forcepae kwenye ule mstari wa kuanzishia, yaani unailazimisha iamini. Nikaandika. Ikapanda! Nikapiga kelele mpaka mama wa genge akaja kuuliza kuna nini. Nikasanikisha kwa saa nzima na ushee, nikamaliza, nikazima na kuwasha. Mistari miwili myeupe. Pae. Nilikaa chini.

Kumbe neno lile huandikwa mara mbili, lipo la kabla ya vistari viwili na la baada yake: forcepae -- forcepae. La kwanza ni la flashi, la pili ndilo linalohamia kwenye hadi diski. Mimi niliandika moja kwa sababu nilidhani la pili mtu alikosea kuchapa. Mchapaji mzoefu nikajisahihishia.

Nikarudia vizuri, ikakubali, lakini ikawa nzito kwa ramu ya GB 1, na isitoshe toleo lile lilishaachwa kutunzwa. Basi nikaifuta nikaweka antiX ya biti 32, Linux nyingine nyepesi. Hii kernel yake, yaani kiini cha mfumo, haihitaji pae kabisa. Yaani siku zote hizo dawa ilikuwa kuchagua mfumo mwingine tu. Ikishawaka inakula ramu isiyofika MB 300. Sura yake si ya kuringia, na ukizoea Windows utatafuta vitu, ila LibreOffice, programu ya kuchapia iliyo mahali pa Word, inafunguka kabla sijamaliza kumwambia mteja karibu ukae.

Aibu nyingine nayo niiseme. Dell ile ya raba, baada ya kuiwekea MX, intaneti ikawa inaingia lakini kila ukurasa unaniambia si salama. Kila ukurasa! Nikanunua bando la mtandao mwingine. Nikasanikisha MX upya, mara mbili. Kila asubuhi ilikuwa inanidai F1 ndipo iendelee, nami nabonyeza tu kama mtu anayeitikia salamu. Siku ya tatu mwanafunzi wa form two aliyekuja kununua daftari akaninyooshea kidole kwenye kona ya kioo: "Shikamoo, mama. Mbona hapa inasema 2007?" Betri ya saa ilikuwa imekufa, ile ya duara CR2032. Vyeti vya tovuti vina tarehe, na mashine inayodhani iko 2007 inaona vyote bado havijaanza kutumika. Betri ni elfu moja, labda mbili. Daftari nilimpa bure.

Printa yangu ni HP LaserJet 1020, na hii ina tabia ya kusahau: kila ukiizima inapoteza programu yake ya ndani, lazima kompyuta iipakie upya. Kwa Linux inabidi uongeze kipande cha HP kwa amri ya hp-plugin, kisha husikii tena habari zake. Waliosema Linux haichapi hawakufika hapo. Kilichoniudhi zaidi ni herufi. Mtihani wa mwalimu mmoja ulikuwa wa kurasa mbili kwao, kwangu ukawa wa tatu, swali la mwisho limebaki peke yake kama yatima. Times New Roman haina shida, maana Liberation Serif, herufi mbadala ya kwenye Linux, ina upana ule ule. Tatizo ni Calibri. Weka mbadala wake, herufi za Carlito, mistari inarudi ilipokuwa.

Huyo huyo mwalimu ndiye aliyenifungulia biashara ambayo sikuitegemea. Alikuja jioni, kesho yake mtihani, flashi yake imejaa vile vialama vyenye mshale, kila faili limegeuka njia ya mkato (shortcut), kazi ya kirusi. Kwingine walishamwambia wafomati. Nikaichomeka kwenye T42. Kwenye antiX kirusi kile hakina pa kushika: mafaili halisi yalikuwa yamefichwa tu ndani ya folda isiyo na jina, na Linux haijali ule ufichaji wa Windows, inakuonyesha kila kitu. Nikayahamisha, nikafuta njia za mkato na kile kijifaili cha vbs, kijiprogramu cha Windows, kilichokuwa kinazizalisha. Dakika tano. Mwalimu alishika kichwa.

Sasa naokoa flashi kwa buku mbili, mwanafunzi buku. Wiki za mitihani zinapita hela ya fotokopi. Na wiki iliyopita alikuja mtu na flashi, nikamuuliza nani kakuelekeza kwangu. Akamtaja fundi wangu. Kumbe kamtoza elfu kumi ya kuchungulia.