Maji ya Bamvua

Juzi tulikuwa tunatoa vitu stoo mafundi wapate kupaka chokaa, binti yangu akaibuka na kifurushi cha plastiki kilichokunjwa mpaka kimeshikana. Akakikunjua taratibu. Ni zile buti zangu za rangi ya machungwa: soli nyembamba kama ya kandambili iliyochakaa, juu plastiki inayofika gotini, na kamba ya kukazia. Mguu mmoja umepasuka.

"Baba, hizi ndizo ulizovaa siku ile uliyomwokoa Bibi?"

Nikamwambia azirudishe kwenye boksi.

Bibi mwenyewe ni Shangazi. Desemba ile ya 2019, mwaka wangu wa mwisho wa masomo Padua, Italia, alikuja kunitembelea na papa mkavu kwenye sanduku, sijui alimpitisha vipi, akanukia ghorofa nzima mpaka mwaka mpya. Likizo ikaanza, nikampangia safari ya miji kama mtu anayejiandaa na mtihani. Padua penyewe nilimpeleka kwenye kanisa dogo alilolichora mchoraji Giotto miaka mia saba iliyopita. Pale unakalishwa kwanza robo saa kwenye chumba cha vioo hewa itulie, halafu ndani unapewa robo saa nyingine, basi, toka. "Kungoja na kutazama wametupimia sawasawa," akasema, lakini ile buluu ya darini ilimnyamazisha. Bologna aliipenda kuliko kote, kwa sababu ya zile baraza ndefu za matao: mvua inanyesha, yeye anatembea mji mzima na kanga yake kavu. Florence nilipanda peke yangu ngazi 463 za kuba la kanisa kuu. Yeye alikaa chini, koti nililomnunulia juu ya kanga mbili, anakula njugu za kuchoma zile kubwa wanazoziuza kwenye karatasi. Niliposhuka akanipa moja. "Kokwa za fenesi hizi. Sasa fenesi lenyewe kala nani?"

Mimi kazi yangu ilikuwa kueleza. Kila jengo lazima nitaje aliyelijenga, mwaka, na nani alilipa. Yeye anaitikia, "Ehe." Nikijua ananisikiliza.

Venice tulifika tarehe 21. Mji ulikuwa haujapona. Wiki sita nyuma, Novemba 12, bahari ilipanda sentimita 187, haijapata kufika hapo tangu yale mafuriko ya 1966 yaliyofika 194, na mtaani kwetu Cannaregio bado ungeona mstari wa uchafu kwenye kuta na milango iliyovimba haifungiki. Tulipanga chumba ghorofa ya pili. Nikaanza somo langu: hapa majumba yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope, maelfu kwa maelfu, na yamedumu kwa kuwa chini kule hakuna hewa ya kuyaozesha. Shangazi akatazama dirishani kwa muda.

"Kumbe mji mzima wameufunga kwenye vigingi, kama mwani."

Alilima mwani kwetu Paje, Zanzibar, tangu ulipoingia, mwishoni mwa miaka ya 80, mpaka mgongo ulipomgomea. Mlimaji wa mwani hana saa ya ukutani. Bamvua, siku maji yanapojaa sana na kupwa mbali, unashuka shambani. Maji mafu, yasipokupwa sana, unakaa nyumbani ukasuka kamba. Haya nayajua, nimekulia mgongoni mwake kwenye maji yale. Siku hiyo sikuyakumbuka.

Jioni ya tarehe 22 nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mferejini, anatazama maji. Nikadhani kakumbuka nyumbani. Akaniuliza mwezi ngapi leo. Nikaangalia kwenye simu: ishirini na tano, Mfungo Saba. Akauliza na upepo huu unatoka wapi. Nikamwambia kusini, wenyewe wanauita scirocco, unaisukuma bahari juu, na bahari yao hii ni kama kichochoro kisichotokea upande wa pili.

"Kusi, Desemba?" Kwetu Desemba ni kaskazi, ikawa kama nimemwambia jua limechomoza magharibi. Akaonyesha kidole kizingiti cha mlango wa jirani. "Mwezi unakwisha, maji yanaingia bamvua, na upepo unayasukuma. Kesho asubuhi yatavuka pale. Tusitoke mpaka yapwe."

Mimi nina tiketi za kasri la watawala wa zamani, pale San Marco. Saa nne asubuhi, hela hairudi. Nikamjibu neno ambalo nikilikumbuka najikuna kichwa hata kama hakiwashi: "Shangazi, huku si Paje."

Alfajiri king'ora kikalia. Kwanza kinalia kama cha vita, halafu unafuata mlio unaopanda ngazi kwa ngazi, na kadiri ngazi zinavyozidi ndivyo maji yanavyotarajiwa kuzidi. Mwenye nyumba akamwazima Shangazi mabuti ya mpira ya kweli. Mimi nikanunua haya ya machungwa kwa kijana aliyekuwa anayauza pembeni ya daraja. Shangazi akaipapasa ile plastiki kwa vidole viwili. "Hii ya kufungia maandazi," akasema. Tukatoka. Yale madaraja ya mbao wanayoyapanga watu wapite juu kwa juu hayakufaa kitu siku ile. Maji yakizidi sana yanaelea.

Tulipita vichochoro viwili vitatu salama, maji chini ya goti. Halafu kichochoro kikatutoa kwenye njia inayokwenda sambamba na mfereji, njia isiyo na ukuta wala chuma cha kushika. Siku nyingine unaona mawe, unaona ukingo, unaona maji. Siku ile palikuwa na kitu kimoja tu, maji, kutoka ukuta wa nyumba za huku mpaka ukuta wa nyumba za kule, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mimi mbele, macho kwenye simu. Kile kidoti cha buluu kinaniambia niko njiani, songa. Nasikia miguu yangu inapiga chubwi, chubwi. Ya Shangazi siisikii, maana alikuwa hainyanyui, anaiburuta.

Kofia ya koti langu ikavutwa kwa nyuma mpaka zipu ikanikaba koo.

"Simama. Usinyanyue mguu."

"Kuna nini?"

"Litazame lile ganda."

Mbele yangu palikuwa na ganda la chungwa linaelea, tena polepole, kama linalotembea nasi. Likaenda, likaenda, halafu ghafla likakata kushoto na kuondoka mbio kama limeitwa.

"Lilipokatia ndipo ukingo."

Akanipokonya mwavuli. Akachokoa: ko, ko, jiwe. Akasogeza kidogo: ko. Akasogeza tena, mwavuli ukazama mpaka mkononi mwake, na mkono wa koti ukaloa. Kutoka kwenye kidole changu cha mguu mpaka pale, nusu hatua. Sijui kuogelea kwenye koti la manyoya na buti za plastiki, wala sidhani yupo ajuaye.

Hakunigombeza. Alifungua kanga ya juu, akanipa pindo. "Kamata hapo." Akapita mbele, mwavuli mkononi kama upondo, anagusa jiwe ndiyo anaburuta mguu. "Ukiunyanyua unakanyaga usichokijua," akasema bila kugeuka. "Ukiuburuta, wenyewe unakwambia." Nyuma yetu wakaungana mume na mke wenye masanduku, halafu baba mmoja na mtoto mabegani, halafu wengine. Msafara mzima wa watu wa dunia, wanamfuata mama wa Paje mwenye mabuti ya kuazima. Hakuna aliyeulizana kitu.

Hapo ndipo buti langu lilipopasuka. Maji yale yalikuwa ya baridi ya kuuma, mpaka jino.

Tulipofika juu ya daraja akakamua pindo la kanga. "Saa ngapi?" Saa nne kasorobo. "Basi yamejaa, hayaendi tena. Tusimame hapa." Tukasimama. Na kweli, baada ya muda, ngazi moja ya daraja ikaanza kutokeza, nyeusi, inang'aa. Jioni nikasoma kuwa yalifika sentimita 144, saa nne kasorobo hiyohiyo. Kasri sijaliingia mpaka leo. Na neno la kwanza nililomwambia pale darajani halikuwa ahsante. Nilisema, "Buti imepasuka."

Oktoba iliyofuata walianza kuinua yale mageti ya MOSE kwenye milango ya bahari kuzuia maji yasiingie mjini. Nilipompigia kumwambia, aliuliza samaki watapita wapi.

Sasa hii habari ya kumwokoa. Mara ya kwanza niliisikia siku ya posa yangu, mbele ya wakwe, Shangazi kakunja miguu mkekani na kikombe cha kahawa mkononi. "Wallahi, kama si mwanangu huyu ningekuwa chakula cha samaki wa Kizungu. Alinikamata kwa pindo la kanga!" Nikamtazama. Akanywa kahawa. Wakwe wakaitikia, mashaallah, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Tangu hapo imekuwa hivyo, harusini, akika, Idi. Kuna siku naona alinistiri. Kuna siku naona ananicheka, na kila anaposimulia ananipa nafasi ya kufungua mdomo, nami siufungui.

Jana nikaamua. Nikampigia, nikaweka spika, binti yangu pembeni na buti zake miguuni, maana hakuzirudisha. Shikamoo, marahaba, mgongo vipi. Nikaanza: "Shangazi, ile siku ya Venice…"

"Ehe! Ulivyonikamata!" Safari hii maji yalikuwa yamefika kifuani.

Binti yangu akakunja uso, kama anavyofanya akipiga hesabu. "Lakini Baba, kama maji yalifunika kila mahali, ulijuaje ukingo uko wapi?"

Nikamtazama yeye, nikaitazama simu. Shangazi naye alikuwa amenyamaza. Namsikia anavyopumua, na nyuma yake kaskazi inapiga mabati. Ananisubiri.