Maandishi ya Kunywa

Mwezi uliopita mama aliniomba nimwandikie kombe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa asiyelijua: kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Babu, baba yake mama, alikuwa akiandika barazani kwake Ngamiani, hapa Tanga, na mimi ndiye niliyemshikia kibakuli. Zafarani kidogo tu maana ni ghali, matone mawili matatu ya marashi, anakoroga mpaka iwe rangi ya kiini cha yai. Kalamu yake ilikuwa ya utete, kaichonga mwenyewe kwa kisu cha kumenyea machungwa. Alianzia ukingoni mwa sahani akawa anazunguka kuingia ndani, Ayatul Kursiy ikijikunja kama ukili unaoshonwa mkeka. Hakuwahi kukosa nafasi. Neno la mwisho lilikuwa likitua katikati kabisa, wino ukiwa haujakauka bado. Halafu anamimina maji, anaizungusha sahani, na yote yanageuka maji ya njano.

Iliniuma sana. Nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza kwa nini asitundike ukutani hata moja. Akasema, "Ukutani itamfaa nani, mjukuu wangu? Mwenye homa yuko kitandani." Na mwenye homa huyohuyo alikuwa akimwambia, ukishakunywa nenda hospitali ya Bombo ukapimwe damu, mponyaji ni Mwenyezi Mungu.

Wapo masheikh wasiolikubali kombe, na baadhi yao nasali nyuma yao. Sibishani nao. Nasimulia tu nilikojifunzia kwamba herufi inaweza kuwa ibada.

Mimi nikaja kuwa fundi wa kuandika magari. Napiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, nachora kwa penseli, kisha naingia na brashi. Kifundo cha mkono wa kulia kimeanza kunidai miaka hiyo yote. Asubuhi naweza kuandika YESU NI MWAMBA, jioni MASHALLAH, kwa kopo lilelile la rangi nyekundu. Mwenye gari haji kukwambia ana imani gani. Anakwambia, "Fundi, weka neno hapo nyuma, pasikae wazi." Unamwuliza neno gani, ananyamaza, anatazama tairi. Kitakachotoka baada ya kimya hicho, mara nyingi ni dua.

Mmoja alitaka MUNGU HALALI. Lori la kwenda Horohoro. Nikaandika kwa njano yenye kivuli cheusi, nikaridhika. Wiki mbili baadaye dereva karudi amenuna: mpakani wanamtania, "Mungu halali? Kwani yupo wa haramu?" Kweli bwana. Asiyelala na anayeruhusiwa wamekutana kwenye neno moja, na ukilitamka ni lilelile. Akataka nichore jicho pembeni ili watu waelewe. Nikamwuliza, jicho la nani? Mungu hafananishwi, mimi siwezi kumpa kope. Akaniachia lori hadi kesho yake.

Usiku ule, Isha, imamu akasoma Surat Nur. Ile aya ya 35, nuru ya Mwenyezi Mungu inapopigiwa mfano wa shubaka lenye taa ndani yake. Nikasali huku nachora kichwani, Mungu anisamehe. Asubuhi nikaweka taa ya chemli pembeni ya maandishi, inawaka gizani, kioo chake kimeingia moshi upande mmoja kama kile cha babu. Maneno sikuyagusa. Taa inayowaka wakati watu wote wamelala, nani tena atauliza habari ya haramu? Dereva akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, akasema "hapo sawa," akalipa iliyobaki. Nimeomba dua nyingi msikitini, lakini hiyo ya brashi ndiyo naikumbuka kila chembe yake.

Bibi naye alikuwa na daftari alilonakilia utenzi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858. Wengi wanaukumbuka kwa mambo ya mke na mume. Mimi siku hizi hunikamata pale mwanzoni: mama ameugua mwaka mzima, anamwita bintiye asogee akae, na wino na karatasi.

Ndiyo maana sikuweza kumkatalia mama. Miguu inamwaka moto usiku, dawa za hospitali anazo na anazimeza, lakini alitaka na hili. Nikanunua zafarani, kikaratasi kidogo kama cha viungo vya pilau. Utete sina. Nikachukua brashi nyembamba mpya ambayo haijaonja rangi, nikatawadha, nikakaa sakafuni.

Mkono ukanisaliti. Herufi zilitoka nene, zimejaa, na kwenye alif moja nusura niitie kivuli. Nilipofika katikati, nafasi imekwisha na aya bado. Nikaomba sahani ya pili.

Mama akavaa miwani, akaziangalia zote mbili kwa zamu.

"Hii ni ya lori," akasema.

Akamimina maji mwenyewe, akazungusha kama alivyokuwa akifanya babu yangu, akanywa ya kwanza mpaka mwisho. Ya pili akaibakisha kidogo, akanisogezea.

"Na wewe mkono unakuuma, baba. Maliza."

Marashi yalikuwa mengi mno, na kwa chini palikuwa na uchungu kidogo.